Maji ya tangi la samaki Mombasa: maswali mnayoniuliza kila siku

Kila wiki meseji ni zile zile, sa nimeamua kuyaweka yote hapa pamoja, someni kwanza kabla hamjanitumia picha ya samaki yuko tumbo juu saa sita za usiku. Mimi si daktari wa samaki, ni mtu wa Tudor tu mwenye matangi matatu sebuleni na mama asiyependa kuona maji yakimwagwa, lakini nshaua samaki wa kutosha kujua walikufa na nini.

Nianze wapi? pH yatakiwa iwe ngapi?

Anza kwa kuuliza maji yako yatoka wapi, pH, yani kile kipimo cha asidi ya maji, baadaye. Mombasa hatuna mto wetu, maji ya mfereji yaja kutoka mbali, kuna ya Mzima kule Tsavo West, kuna ya Baricho ubavuni mwa mto Sabaki, kuna ya Marere huko Shimba Hills na visima vya Tiwi. Afu mfereji ukikauka, na hukauka, ni boza, ama mkokoteni wa mitungi, ama kisima cha jirani. Hayo yote si maji mamoja hata kama yote ni meupe. Mtu aniambia maji yangu pH ni 7.4, namuuliza ya Jumanne ama ya Jumamosi?

Samaki wengi wa dukani wamezaliwa kwenye madimbwi ya kufugia, hawajawahi kuona mto wa babu zao, na wanaishi vizuri popote kati ya 6.5 na 8.2. Kinachowaua ni kuruka. Hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hivyo kutoka 7 hadi 8 si kitu kidogo kama namba inavyoonekana. Tangi linalokaa 8.1 mwaka mzima ni bora kuliko linalochezacheza 7 leo, 7.9 kesho, 6.8 kesho kutwa kwa sababu mwenyewe anatia dawa kila akipita.

KH, GH, TDS, ndo nini hizi?

KH, yani kaboneti na bikaboneti zilizoyeyuka kwa maji, ndio walinzi wa pH. Samaki wakienda haja, chakula kikioza, bakteria wakifanya kazi, asidi inaingia kwa maji, na KH ndio hupambana nayo kwanza. KH ikiisha, pH yaporomoka, mara nyingine kwa usiku mmoja. GH ni ugumu wa maji, kalisi na magnesi, ule ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika ndio huo. Zote mbili hupimwa kwa digrii, digrii moja ni kama miligramu 17.9 kwa lita. TDS ni jumla ya kila kilichoyeyuka humo, chumvi na kadhalika, mita yake ni ya bei rahisi na ukiniuliza mimi, kwa mtu wa Mombasa ndio kifaa cha kwanza kununua, mana haikwambii kilichomo ni nini lakini yakwambia papo hapo kwamba maji ya leo siyo ya juzi.

Huna mita? Nawa mikono na sabuni. Maji magumu povu halitoki, ukitumia maji laini povu lajaa. Kina bibi walijua hili kabla ya mita yoyote. Na onja, ulimi hauna betri.

Mbona maji ya kisima pH iko juu hivi?

Kwa sababu ya tulichokalia. Kisiwa hiki na ukanda wote huu wa pwani ni mwamba wa matumbawe ya kale, chokaa tupu, jiwe lile lile walilojengea nyumba za Mji wa Kale na ndilo lile lile lilochimbwa Bamburi kutengeneza simiti. Maji ya kisima yamekaa ndani ya jiwe hilo, yamelilamba, yaja na KH na GH yake. Pale karibu na bahari yaja na chumvi pia.

Jambo moja watu hukosea: wanateka maji, wanapima hapo hapo, wapata 7.2, wafurahi. Maji yakitoka ardhini yana kabondayoksaidi imejificha ndani na hiyo hushusha pH. Yaache kwa ndoo masaa 24 na pampu ya hewa, pima tena uone, huenda yamefika 8. Hiyo ya pili ndio pH ya kweli.

Na kama kisima kiko mtaa wenye vyoo vya shimo vilivyobanana, pima nitrati, yale mabaki ya mwisho ya uchafu wa vyoo na wa samaki, ya maji yenyewe kabla hayajaingia tangini. Kuna watu wanachenji maji kila wiki kupunguza nitrati kumbe ndio wanaiongeza.

Naeza kutia ndimu ama siki kushusha pH?

Unaweza. Pia unaweza kuwatupa samaki nje ya dirisha, matokeo ni hayo hayo ila hii ya pili ni haraka. Ndimu ikiingia, KH yaikamata, pH yashuka kidogo, baada ya masaa kadhaa yarudi ilikokuwa. Wewe waona haijafanya kazi, waongeza, yarudi tena, waongeza, siku ya tatu KH imekwisha na hapo tone moja tu lashusha pH mpaka tano. Maji yenye KH kubwa hayashushwi kwa asidi, yanapunguzwa kwa kuchanganya na maji laini. Kwisha.

Na majani ya mti wa mkungu?

Haya nayapenda. Wazungu wafugao samaki wa beta hununua majani makavu ya mkungu kwa pakiti, hapa sisi twayafagia kila asubuhi na kuyachoma. Chukua yaliyodondoka yenyewe yakakauka rangi ya kahawia, si mabichi, na si ya kando ya barabara kuu yaliyojaa moshi wa matatu. Suuza, tia jani moja kwa lita 40 hivi, maji yatakuwa kama chai ya rangi. Kwa maji laini yashusha pH pole pole na samaki waoga hutulia. Kwa maji ya kisima utapata rangi nzuri tu, pH haitatikisika, KH yake ni nyingi mno kwa jani.

Nimeokota mawe mazuri na makombe ufuoni, niyatie?

Usiyaokote kwanza, matumbawe na makombe ya bahari yana sheria zake na huruhusiwi kujibebea tu. Na hata ukiwa nayo nyumbani tangu zamani, hayo ni chokaa, yatayeyuka pole pole na kupandisha KH na pH. Kwa sikilidi wa ziwa Malawi ama Tanganyika hilo ni jambo zuri, Tanganyika yenyewe pH yake ni kama 9. Kwa neoni tetra, samaki wa maji laini, ni kaburi lenye mapambo. Jiwe lolote usilolijua litilie siki, likitoa mapovu ni chokaa.

Nimechenji maji jana usiku, asubuhi wote wako juu wanatweta. Nimekosa wapi?

Hili ngoja nilieleze kwa urefu mana lilinipata mimi mwenyewe na ndio siku nilianza kusoma haya mambo.

Nilikuwa na tangi moja la lita 120, samaki wa plati tisa na angelifishi wawili. Lilikuwa na miaka miwili, maji ya mfereji, na kusema kweli nilikuwa mvivu, nachenji mara moja kwa mwezi nikikumbuka. Samaki walionekana wazima. Mfereji ukakata siku tisa, siku ya kumi boza la maji ya kisima likaja, tangi la paani likajaa, na mimi kwa furaha nikachenji nusu nzima ya maji usiku ule ule. Nikaenda kulala najiona mfugaji hodari.

Saa kumi na mbili asubuhi naamka kwa swala napita sebuleni nawaona wote wako juu, midomo nje ya maji, mapezi yamebanwa, angelifishi mmoja kalala upande. Nikapima. pH iliyokuwa 6.2 wiki mbili nyuma sasa ni 7.9. Amonia, ile sumu itokayo kwa uchafu wa samaki, chupa ya kupimia iligeuka kijani cha kisamvu, miligramu 1 kwa lita. Nikamlaani mwenye boza weeh. Kumbe maskini maji yake hayakuwa na amonia hata chembe, nilipima yaliyobaki kwa ndoo, manjano safi.

Amonia ilikuwa yangu. Kwa ile miaka miwili KH ilikuwa inaliwa kidogo kidogo na sikuwa nairudisha, pH ikashuka, na pH ikishuka karibu na 6 wale bakteria wanaokula amonia hulegea. Basi amonia ikajikusanya, lakini kwa pH ya chini hukaa kwa sura ya amoniamu ambayo haimdhuru samaki sana. Nikaja mimi na maji magumu ya kisima, pH ikapanda ghafla, sehemu ya ile amoniamu ikageuka amonia yenyewe kwa usiku mmoja, na hiyo yatosha kuua. Yani bomu lilikuwa langu, boza lilileta kiberiti tu.

Waliobaki walikuwa watano. Sa ukiwa na tangi la zamani lililosahauliwa, usilikomboe kwa siku moja. Asilimia 10 leo, 10 kesho kutwa, pima katikati, mpaka maji ya ndani na ya nje yafanane.

Amonia kiasi gani ni hatari?

Yategemea pH na joto na hapa ndipo sisi wa pwani tuna shida ambayo mtu wa Limuru hana. Kile kifaa hupima jumla, kile kinachounguza matamvua ya samaki ni sehemu tu ya jumla hiyo. Kwa pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya sumu ni kama nusu asilimia. Kwa pH 8.2 na nyuzi 30, hali ya kawaida kabisa ya tangi la maji ya kisima wakati wa kaskazi, yafika kama asilimia 11. Ni mara 20! Kwa hivyo ukisoma kwa intaneti mtu wa ulaya asema amonia 0.5 si mbaya sana, yeye ana maji yake. Wewe ukiona chochote zaidi ya sifuri chenji maji, punguza chakula, usingoje.

Tangi jipya, maji yang'aa kama kioo, naweza kutia samaki leo?

Hapana. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kula uchafu, hata maji yawe masafi kwa jicho. Amonia lazima ipate wa kuila iwe nitriti, na nitriti ipate wa kuila iwe nitrati, na hao bakteria huchukua kama wiki nne hadi nane kujaa kwa filta. Tia kamba mmoja mbichi kwa soksi nyembamba, muache aoze, washa filta, pima kila siku mbili. Amonia itapanda ishuke, nitriti ipande ishuke, zote zikifika sifuri na nitrati iko, mtoe kamba, chenji maji mengi, tia samaki wachache. Ndio, itanuka kidogo, mwambie mwenye nyumba mapema.

Njia ya mkato ya halali ni moja, omba kipande cha sponji chafu cha filta ya rafiki mwenye tangi zima. Kichafu, usikioshe. Nami nagawa, njoo na mfuko, ila kibebe na maji na usipitie Marikiti kwanza masaa mawili kwenye jua.

Nitriti imepanda na samaki tayari wako ndani, nifanyeje?

Nitriti huharibu damu isibebe oksijeni, samaki wapumua haraka hata maji yakiwa na hewa tele. Chenji maji, ongeza hewa, na tia chumvi ya kawaida, gramu moja kwa lita 10 yatosha, kloridi ya chumvi huizuia nitriti isiingie kwa matamvua. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi wana bahati kidogo hapa, kloridi tayari wanayo.

Klorini je? Nimeambiwa niweke maji kwa ndoo usiku mmoja.

Kwa klorini ya kawaida yafanya kazi, siku nzima, ndoo wazi, na pampu ya hewa ni haraka zaidi. Kloramini, klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki hivyo, hiyo yataka dawa. Mimi hutia dawa ya kuua klorini kila mara, nyingi zina sodiamu thaiosalfeti ndani na matone machache yatosha, kuliko kubahatisha. Na uliza watu wa nyumbani! Mamangu aliwahi kutia dawa ya kutibu maji ya kunywa kwenye pipa langu la akiba, kwa nia njema kabisa, kipindi cha kipindupindu, asiseme. Ningeuliza. Siku hizi pipa limeandikwa SAMAKI kwa rangi nyekundu.

Kitu kingine, tangi jeusi la paani saa tisa mchana hutoa maji ya kuchemshia chai. Chenji asubuhi saa moja ama usiku, gusa kwa mkono kwanza.

Maji ya mvua ama ya RO ni bora?

RO ni maji yaliyopitishwa mashine ya kuchuja mpaka chumvi karibu zote zikatoka. Ni bora kwa kuchanganya, peke yake hapana. Yote mawili hayana KH, ukijaza tangi zima kwa mvua ya masika pH itaporomoka mapema. Lakini nusu kwa nusu na maji ya kisima, hapo umepata kitu. Kisima KH 16, RO sifuri, nusu kwa nusu wapata 8, hesabu ya darasa la nne. Yale maduka ya kujaza mitungi ya maji ya kunywa mtaani wengi wanatumia mashine ya RO, nenda na mita yako ya TDS upime kabla hujalipa, muuzaji atakuangalia vibaya lakini ni sawa. Mvua, acha ya kwanza ioshe mabati na vumbi na mavi ya kunguru, kinga baada ya dakika kumi na tano ishirini.

Ikiwa KH ni ndogo mno, bekingi soda, kijiko kimoja cha chai kwa lita 100 hupandisha KH kama digrii moja na nusu hadi mbili. Iyeyushe kwanza, tia kidogo kidogo. Bekingi SODA. Si bekingi poda na si hamira ya mahamri, nimeulizwa hilo na watu wawili tofauti.

Maji yakipungua kwa joto naongeza tu, si ndio kuchenji?

La. Maji huruka, chumvi na chokaa hubaki. Ukiongeza maji ya kisima juu yake kila siku kwa miezi mitatu ya kaskazi, utajikuta na supu. Kuongeza, tumia RO ama mvua. Kuchenji, asilimia 20 hadi 30 kila wiki, maji yale yale ya siku zote. Mimi huweka pipa la lita 100 la akiba, boza likija najaza pipa, napima, nachanganya na RO mpaka TDS ikaribiane na ya tangi, ndio nachenji. Mfereji ukikauka wiki mbili mimi sina habari.

Nahitaji hita?

Mombasa? Nunua feni. Ielekeze juu ya maji, yatashuka nyuzi mbili tatu. Maji ya nyuzi 30 hushika oksijeni kama miligramu 7.5 tu kwa lita hata yakiwa safi, kwa hivyo hewa ndio shida yetu.

Stima ikipotea?

Pampu ya betri, usilishe, fungua kifuniko. Masaa mawili si kitu. Stima ikikaa nusu siku na filta yako ni ile ya mkebe uliofungwa, usiiwashe tu ikirudi, yale maji yaliyooza ndani yatamwagikia samaki. Ifungue, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndio uwashe.

Samaki gani watakubali maji yetu bila vita?

Gapi, moli, plati, sikilidi wa Malawi. Moli hata kisima chenye chumvi anakunywa anasema alhamdulillahi. Goldifishi hana tabu na ugumu ila anachafua maji kama harusi, mpe nafasi kubwa. Diskasi na neoni, mpaka uwe na RO ya uhakika.

Vya kupimia maji, stripu ama matone?

Matone. Stripu kwa hewa yetu yenye unyevu huharibika kopo likifunguliwa mara kumi.

Nimenunua samaki Nairobi, wamekaa kwa mfuko masaa nane kwenye basi, nidondoshee maji pole pole masaa matatu?

Usifanye hivyo kwa waliosafiri sana. Ndani ya mfuko wamepumua, kabondayoksaidi imeshusha pH na amonia imelala. Ukifungua tu gesi yatoka, pH yapanda, amonia yaamka na wao wako humo humo waogelea nayo. Elea mfuko ukiwa umefungwa dakika 20 joto lilingane, fungua, wachote kwa kiwavu, watie tangini, yale maji ya mfuko mwaga.

Na maji ninayotoa tangini, naona uchungu kuyamwaga na maji yenyewe ni ya kununua.

Nitrati ni mbolea. Kama hayana chumvi mwagia mimea, mchicha huenda wazimu. Yangu humwagia mrihani na asumini za mamangu pale barazani, na tangu asumini ianze kutoa maua hivyo, ni yeye sasa anayeniuliza hujachenji tu mpaka leo?